Mamba wa Mtera na ndugu zao wa ng'ambo ya Atlantiki

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi nauza perege na kambale mwaloni Mtera. Nyumbani kwetu kuna ubishi usioisha. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, amefundishwa kwamba zamani Afrika na Amerika Kusini zilikuwa bara moja. Mume wangu akadaka hapo hapo: basi ndiyo maana kule Amerika kuna mamba kama wa kwetu, bara lilipopasuka wengine wakabaki upande ule. Anasema mamba ni mnyama wa maji baridi, bahari haiwezi. Mdogo wangu anakataa, anasema waliogelea. Nani ana haki? Na je, huku Dodoma mifupa ya mamba wa kale inaweza kupatikana?

JIBU: Marahaba, mama. Kwa mamba hawa tunaowajua, wanaonyakua mbuzi na watu hapo bwawani, mdogo wako ana haki. Mume wako naye hakukosea moja kwa moja, ila maelezo yake ni ya mamba wengine kabisa, waliotoweka zamani sana na ambao ungekutana nao leo usingedhani ni mamba. Kinachoamua kesi hii ni umri. Kabla hujauliza mnyama alipitaje, uliza alikuwepo lini.

Bara lile la zamani, Gondwana, halikuvunjika kwa siku moja. Afrika na Amerika Kusini ziliachana polepole, na kufikia miaka milioni 100 hivi iliyopita bahari ilikuwa imeshapita katikati yao. Sasa tumtazame mamba wa Mtera. Jina lake la kisayansi ni Crocodylus niloticus, na jenasi yake ya Crocodylus, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, ina spishi Afrika, Asia, Australia na Amerika. Ukilinganisha vinasaba vya spishi zote hizo zilizo hai, babu yao wa pamoja anaangukia miaka milioni 10 hivi iliyopita. Wapo watafiti wanaomsogeza nyuma kidogo, lakini hakuna anayemfikisha hata karibu na milioni 100. Mtoto aliyezaliwa baada ya ukoo kuhama kutoka Kondoa hawezi kudai kwamba alihama nao. Bara lilipopasuka, Crocodylus alikuwa bado hajazaliwa.

Najua ubishi wa mume wako unapata nguvu wapi. Watu wamezoea kuambiwa kwamba mamba ni "kisukuku hai", mnyama ambaye hajabadilika tangu enzi za dinosauria. Mimi msemo huo siupendi hata kidogo. Ukoo mpana wa mamba ni wa kale kweli, una zaidi ya miaka milioni 200, ila ndani yake wamepita wanyama wa kila aina: wenye miguu mirefu waliokimbia nchi kavu, waliokula majani, walioishi baharini tu. Huyu wa Mtera ni tawi changa la mti mkubwa.

Tuje kwenye bahari. Mamba hupatikana zaidi kwenye maji baridi, hilo ni kweli, lakini maji ya chumvi hayamshindi. Ukitazama ulimi wa mamba wa jenasi hii kwa karibu, sehemu ya nyuma, utaona vitundu vidogo vidogo vingi. Ni midomo ya tezi za chumvi. Mwaka 1981 watafiti wawili, Taplin na Grigg, walionyesha kwamba kwa mamba wa maji chumvi wa Australia tezi hizo hutoa majimaji yenye chumvi nyingi, yaani mnyama anatapika chumvi kupitia ulimi badala ya kuiacha imkaushe. Mamba wetu naye anazo, japo hashindi baharini. Kwa nini mnyama wa mtoni awe na kifaa cha baharini? Jibu linalokubalika na wengi ni kwamba amekirithi kwa mababu waliozoea chumvi.

Linganisha na aligeta, ndugu wa mamba, yule wa Florida. Huyo hana tezi za chumvi zinazofanya kazi namna hiyo, na ramani inamsuta: aligeta wapo spishi 2 tu duniani, mmoja Marekani na mwingine China, kwenye bonde la mto Yangtze. Huyo wa China hakuvuka bahari. Mababu zake walipita kaskazini kabisa, pale Siberia na Alaska zilipounganishwa na nchi kavu, wakati hali ya hewa ilikuwa na joto kuliko leo. Kwa hiyo hata ndani ya ukoo mmoja, njia ya kila mmoja imetegemea mwili wake.

Utasema kuvumilia chumvi si sawa na kuvuka bahari. Kweli kabisa. Mamba si mwogeleaji wa masafa; miguu yake mifupi na mkia wake vimeumbwa kwa shambulio la ghafla. Lakini hahitaji kuogelea sana. Australia, kwenye rasi ya Cape York, watafiti waliwafunga mamba wa maji chumvi vifaa vya kuwafuatilia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Mamba mmoja alikwenda km 590 kwa siku 25. Mwingine alisafiri zaidi ya km 400, na alipofika kwenye mlango wa bahari wa Torres akakuta mkondo unakwenda kinyume naye. Hakupambana nao. Aliingia kwenye ghuba yenye utulivu, akakaa siku 4 mpaka mkondo ulipogeuka, ndipo akaendelea. Yaani anasubiri maji yambebe. Na kwa kuwa mwili wake hautengenezi joto lake wenyewe, chakula anachohitaji ni kidogo mno. Mkubwa aliyeshiba anaweza kukaa miezi bila kula.

Mfano ninaoupenda zaidi uko hapa jirani. Shelisheli walikuwa na mamba. Wazungu walipoanza kulowea huko mwaka 1770 waliwakuta, na haikupita karne wakawa wamewamaliza. Kwa muda mrefu watu waliamini ni mamba wetu aliyevuka kutoka pwani ya Afrika, maana ndiyo iliyo karibu. Mabaki yaliyohifadhiwa yalipochunguzwa vizuri, ikaonekana ni mamba wa maji chumvi, yule wa Asia na Australia. Alikuwa ametoka mashariki, akavuka Bahari ya Hindi maelfu ya kilomita, akafika visiwa ambavyo kwa ramani tungesema ni vyetu. Umbali haukuwa na maana kama mkondo na tabia ya mnyama.

Sasa Atlantiki. Upana wake mdogo kabisa leo, kati ya Afrika Magharibi na Brazili, ni km 2,900 hivi, na miaka milioni 6 au 7 iliyopita, wakati mamba wanapokadiriwa kuvuka, ulikuwa mdogo kidogo tu. Mkondo wa Ikweta unatiririka kutoka upande wa Afrika kwenda magharibi. Chukua mkondo wa nusu mita kwa sekunde: unabeba kitu km 43 kwa siku. Km 2,900 ni siku 67. Kwa mamba mkubwa aliyeondoka na shibe yake, hizo si siku za kumuua. Tena hahitaji kuvuka jeshi zima. Akifika jike mmoja mwenye mayai yaliyokwisha rutubishwa, anataga mara moja mayai 50, na mto mgeni umepata wenyeji. Jambo hilo lisipotokea miaka 10,000 si kitu, kwa sababu muda uliokuwepo ni mamilioni.

Hayo yangebaki hesabu za mezani kama si fuvu moja la Libya. Liliokotwa As Sahabi, jangwani, enzi za utawala wa Waitalia, likaishia kwenye makumbusho Roma. Spishi yake inaitwa Crocodylus checchiai, ina miaka milioni 7 hivi, na mabaki yake mengine yametoka Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya. Mwaka 2020 kundi la watafiti lilichapisha uchunguzi walioufanya kwa kulipitisha fuvu lile kwenye mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya kitu bila kukipasua. Katikati ya pua, mbele ya macho, kuna nundu ya mfupa. Mamba wa kwetu hana nundu hiyo. Mamba wa Amerika, kuanzia Mexico na Kuba hadi Orinoco, wanayo. Walipoiweka kwenye mti wa nasaba, spishi ya Libya ikakaa pale pale tunapotarajia kumkuta ndugu wa karibu wa wale waliovuka. Vinasaba navyo vilikuwa vimeshasema kwamba mamba wa Mtera yuko karibu zaidi na mamba wa Amerika kuliko alivyo na Crocodylus suchus, mamba wa Afrika Magharibi ambaye Wamisri wa kale walimkausha na kumzika kama mungu. Mwambie mume wako hilo, halafu umtazame usoni.

Jenasi yenyewe ilianzia wapi, hapo bado wataalamu hawajapatana. Uchambuzi wa vinasaba wa mwaka 2011 ulielekeza Asia na visiwa vya Pasifiki, kwamba mamba walitoka huko wakaja Afrika, ndipo wakaenda Amerika. Mwaka 2021 ukaja ushahidi kutoka Madagaska: vinasaba vya Voay, mamba mwenye pembe aliyetoweka kisiwani humo si zamani sana, vilionyesha kwamba ndiye ndugu wa karibu kabisa wa jenasi nzima ya Crocodylus. Ndugu yuko Madagaska, visukuku vingi vya kale viko Afrika, kwa hiyo mzani unarudi upande wetu. Mimi naegemea Afrika, ila sitampiga mtu ngumi kwa ajili hiyo.

Hao mamba wa mume wako sasa, maana nao wanastahili heshima. Kusini-magharibi mwa nchi yetu, bonde la Rukwa upande wa Songwe, kuna miamba myekundu ya kipindi cha Kretasia, enzi za dinosauria. Huko ndiko alikopatikana Pakasuchus kapilimai, aliyetangazwa mwaka 2010, na kukadiriwa kuwa na miaka milioni 105 hivi. Sehemu ya pili ya jina lake ni kumbukumbu ya marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwili wake ulilingana na wa paka, miguu mirefu, pua mbele ya uso, na aliishi nchi kavu. La ajabu ni meno. Mamba wa Mtera ana chonge tu kinywa kizima, za kukamatia. Hatafuni, anararua na kumeza. Pakasuchus alikuwa na meno ya mbele ya kukamata na ya nyuma yenye vilima na mabonde, ya juu yakiingia kwenye ya chini kama magego ya mnyama anyonyeshaye. Mamba anayetafuna, ebu fikiria!

Mnyama wa namna hiyo huwezi kumvusha bahari kwa mkondo. Na ndugu zake wametapakaa: jenasi ya Araripesuchus imepatikana Brazili, Argentina, Niger, Moroko na Madagaska. Halafu yuko Sarcosuchus, jitu la mitoni lenye urefu wa mita 9 au zaidi, ambaye mifupa yake imetoka jangwa la Niger na pia Brazili, kwenye miamba ya wakati ambao mabara hayo mawili yalikuwa hayajamaliza kuachana. Wakati huo mamba wa mtoni angeweza kufuata mito kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapo hoja ya bara kupasuka inasimama yenyewe, na mume wako akae kifua mbele.

Tahadhari moja tu: si kila mamba wa kale aliyeko pande zote mbili ni ushahidi wa bara kupasuka. Dairosauri, kwa mfano, walikuwa mamba wenye pua ndefu walioishi pwani na baharini, wakaponea hata janga lililomaliza dinosauria miaka milioni 66 iliyopita. Wamepatikana Mali, wamepatikana Kolombia. Hao bahari ilikuwa barabara yao, na ukiwatumia kuthibitisha habari za Gondwana umejidanganya.

Na kuna jambo ambalo huenda hamkulifikiria: hata ndani ya Afrika Mashariki, mamba wa Mtera anaweza kuwa mgeni kiasi. Oldupai, miaka milioni 1.8 hivi iliyopita, kulikuwa na mamba mwingine mwenye pembe nyuma ya kichwa, aliyepewa jina mwaka 2010 na kundi la watafiti akiwemo Mtanzania Jackson Njau. Walimwita Crocodylus anthropophagus, maana yake mla watu, na hawakumsingizia: kwenye mifupa ya binadamu wa kale wa Oldupai, ukiwemo mguu maarufu unaoitwa OH 8, kuna alama za meno ya mamba. Ziwa Turkana nako kulikuwa na Crocodylus thorbjarnarsoni, ambaye huenda alifikia mita 7.5. Hawa wawili hawaonekani kuwa mababu wa mamba wetu. Walishika maziwa haya kabla yake, wakatoweka, naye akashika nafasi. Hapo Mtera kwenyewe hadithi ni fupi zaidi: bwawa lilikamilika karibu na mwaka 1980, na mamba wake walikuwepo tayari kwenye Ruaha Mkuu na Kizigo, wakapanuliwa makazi.

Umeuliza kuhusu Dodoma. Yale mawe makubwa mnayoyaona Dodoma mjini na njiani kwenda Manyoni ni matale yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yalipoganda hakukuwa na mnyama mwenye mfupa duniani, kwa hiyo usipoteze muda kuyapekua. Mifupa hutunzwa na mashapo: tope la ziwa, mchanga wa mto, majivu ya volkeno. Kwa upande wetu, mahali pa kutazama ni mabonde kama la Bahi, ambako maji hayana njia ya kutokea na yamekuwa yakilaza tope na chokaa kwa muda mrefu. Ukivuka kwenda Singida kuna Mahenge, si Mahenge ya Ulanga, bali mahali palipokuwa na ziwa dogo ndani ya kasoko ya volkeno miaka milioni 46 iliyopita. Tope lake lilikuwa laini kiasi kwamba limehifadhi popo, chura na samaki wazima wazima.

Na samaki hao wanakuhusu wewe hasa. Miongoni mwao kuna Mahengechromis, mmoja wa samaki wa zamani kabisa wanaojulikana wa ukoo wa perege. Ukoo huo nao uko Afrika, Madagaska, India na Amerika Kusini, na ubishi wake ni ule ule wa nyumbani kwako: bara lilipasuka nao, au walivuka? Visukuku havijafika kwenye umri wa kupasuka kwa Gondwana, mgawanyo wao kwenye ramani unalingana nayo vizuri, na wataalamu wanaendelea kuvutana. Chura wa Mahenge, Singidella, ni wa ukoo ulioko Afrika na Amerika Kusini tu. Mamba sijakutajia hapo, lakini ukitaka kuona swali lenu limelala kwenye jiwe, Singida ni karibu kuliko Libya. Magharibi zaidi, bonde la Manonga huko Igunga lina mashapo ya ziwa ya miaka milioni 4 hadi 5 hivi, yenye mifupa ya tembo, nguruwe na viboko wa kale, umri ule ule ambao Crocodylus alikuwa akisambaa.

Wachimba visima na mitaro ya mpunga ndio wenye nafasi kubwa kuliko sisi wa ofisini, kwa hiyo nikuachie namna ya kutambua. Kinachodumu zaidi cha mamba si fuvu, ni meno na mabamba ya mfupa ya mgongoni. Jino ni la duara, limechongoka, lina ukingo mwembamba pande mbili, na shinani lina uwazi, maana jino jipya huota ndani ya la zamani. Bamba la mgongoni upande mmoja ni tambarare na upande mwingine umejaa vishimo, mara nyingi likiwa na tuta katikati. Watu wengi hulichanganya na fuvu la kambale, lakini wewe huwezi kukosea: umeshika vichwa vya kambale vya kutosha. Pitisha kidole. Kambale ana vinundu vinavyokwaruza. Mamba ana vishimo. Kipande chenye unene na kilicho laini pande zote mbili, mara nyingi ni gamba la kobe.

Ukikiona, usiking'oe. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kuchimba vitu hivi bila kibali ni kosa, na sheria hiyo ina mantiki: mfupa uliokwisha toka kwenye tabaka lake umepoteza umri wake, na umeona jinsi kesi hii nzima inavyoning'inia kwenye umri. Piga picha ya kitu chenyewe ukiweka sarafu kando yake, picha ya ukuta wa shimo kuonyesha tabaka kilikotoka, na picha ya eneo zima. Peleka taarifa kwa afisa utamaduni wa halmashauri au Idara ya Malikale, na nakala nitumie mimi.